Ubora wa hewa ndani ya shule

Ubora wa hewa ndani ya shule ni hali ya usafi wa hewa inayovutwa na wanafunzi na walimu wakiwa darasani, bwenini, maktaba, maabara na jikoni. Hewa hiyo huhesabiwa kuwa mbaya ikiwa na moshi, vumbi, gesi zenye madhara, vijidudu vya magonjwa au ukungu kwa kiwango kinachodhuru mwili, hasa mapafu. Mtoto wa shule ya msingi hukaa ndani ya majengo ya shule saa nyingi za mchana kwa siku tano za juma. Kwa hiyo baada ya nyumbani, shule ndiyo mahali anapovuta hewa kwa muda mrefu zaidi.

Katika nchi za viwanda mjadala wa suala hili huhusu zaidi rangi za kuta, mazulia, mitambo ya kupoza hewa na moshi wa magari. Katika maeneo ya vijijini ya Tanzania vyanzo vikuu ni vingine: msongamano wa wanafunzi, vumbi la kiangazi na moshi wa kuni. Makala hii inaeleza vyanzo hivyo kwa kutumia mfano wa mazingira ya Shelui, kata ya Wilaya ya Iramba katika Mkoa wa Singida.

## Kwa nini watoto huathirika zaidi

Mapafu ya mtoto huendelea kukua hadi anapofikia ujana. Njia zake za hewa ni nyembamba, hivyo uvimbe mdogo au ute kidogo unatosha kuzibana. Mtoto hupumua mara nyingi zaidi kwa dakika kuliko mtu mzima, na kwa kila kilo ya uzito wake huvuta hewa nyingi zaidi. Pia kimo chake humweka karibu na sakafu, ambako vumbi hutimka.

Chembe zinazodhuru zaidi ni zile ndogo. Wataalamu huziita PM2.5, yaani chembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 50 hadi 70 hivi, kwa hiyo chembe hizo ni ndogo kuliko unywele kwa zaidi ya mara ishirini. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni, kisha hutoka kwa kupiga chafya au kukohoa. Chembe ndogo hupita hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na baadhi huingia katika damu.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mpya wa ubora wa hewa. Kwa mujibu wake, wastani wa PM2.5 kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo, na wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15. Jiko la kuni lililomo ndani ya chumba kisicho na dohani huweza kupita viwango hivyo kwa makumi ya mara.

## Vyanzo vya hewa mbaya shuleni

### Msongamano wa wanafunzi

Kila mtu anapopumua hutoa kabonidayoksaidi, mvuke wa maji na matone madogo sana ya mate na ute. Kama mmoja wa waliomo chumbani ana mafua, surua au kifua kikuu, matone hayo hubeba vijidudu vya ugonjwa. Matone makubwa huanguka chini karibu na mgonjwa. Madogo huelea hewani kwa muda mrefu, na hubaki hata baada ya mgonjwa kutoka chumbani.

Serikali ya Tanzania imeweka kiwango cha wanafunzi 45 kwa darasa la shule ya msingi na 40 kwa sekondari. Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa hadi kidato cha nne, idadi ya watoto walioandikishwa iliongezeka kwa kasi. Shule nyingi zililazimika kuweka katika chumba kimoja wanafunzi waliozidi kiwango hicho.

Hesabu ndogo inaonyesha maana ya jambo hili kwa hewa. Chumba cha mita 9 kwa 7 chenye kimo cha mita 3 kina mita za ujazo 189. Wakikaa wanafunzi 45, kila mmoja anapata mita za ujazo 4.2. Wakikaa 90, kila mmoja anapata 2.1. Mtoto wa umri wa shule ya msingi akiwa ameketi hutoa takriban lita 12 za kabonidayoksaidi kwa saa. Kama madirisha na mlango vimefungwa kabisa, watoto 90 wataongeza gesi hiyo kwa sehemu 5,700 hivi katika kila sehemu milioni za hewa ndani ya saa moja. Hewa ya nje ina sehemu 420 hivi tu.

Kiwango hicho hakiui, ila huleta usingizi, kuumwa kichwa na kushindwa kufuatilia somo. Jambo kubwa zaidi ni kwamba kabonidayoksaidi inaonyesha kiasi cha hewa iliyokwisha kupita katika mapafu ya wengine. Inapopanda, nafasi ya kuambukizana nayo hupanda.

### Vumbi

Vumbi huingia kutoka uwanjani na barabarani, au hutokana na sakafu yenyewe ikiwa ni ya udongo au ya saruji iliyobomoka. Katika shule nyingi za Tanzania wanafunzi hufanya usafi asubuhi kabla ya gwaride. Wakifagia pakavu, vumbi huinuka na kuelea, kisha wanafunzi huingia darasani na kulivuta. Chembe kubwa hutua baada ya dakika chache. Zile ndogo hubaki hewani kwa saa kadhaa.

Vumbi la chaki nalo huwasha koo na pua, hasa kwa mwalimu na wanafunzi wa dawati la mbele. Chaki nyingi hutengenezwa kwa jasi, madini yanayochimbwa pia Itigi mkoani Singida. Jasi si sumu, lakini huweza kumsumbua mwenye pumu.

### Moshi wa jikoni

Uji wa asubuhi na makande ya mchana huwasaidia watoto kubaki shuleni na kusoma wakiwa wameshiba. Lakini mahindi na maharage makavu huhitaji saa nyingi motoni, na katika shule nyingi moto huo ni wa kuni juu ya mafiga. Moshi wa kuni una chembe ndogo, kaboni monoksaidi na kemikali nyingi zinazowasha. Waathirika wa kwanza ni wapishi, ambao wengi wao ni wanawake na wakati mwingine huja kazini na watoto wadogo. Jiko likijengwa upande ambao upepo unatoka, moshi huingia madarasani asubuhi yote.

WHO inakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vikiwemo zaidi ya 237,000 vya watoto wenye umri chini ya miaka 5.

### Vyanzo vingine

* *Vibatari na taa za mafuta ya taa*, zinazotumika kujisomea usiku pasipo na umeme. Mwanafunzi huinama karibu na mwali na kuvuta masizi.
* *Majiko ya mkaa yanayoingizwa bwenini* wakati wa baridi. Mkaa hauonyeshi moshi, lakini hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoweza kuua watu wakiwa usingizini.
* *Popo katika dari*. Kinyesi chao kikikauka na kufagiwa hutoa vumbi lenye kuvu linaloweza kuleta ugonjwa wa mapafu.
* *Ukungu* katika kuta zinazovuja wakati wa masika.
* *Mabati ya zamani ya asbesto*. Hayana hatari kubwa yakiwa mazima, lakini yakivunjwa au kukatwa hutoa nyuzi zinazosababisha saratani ya mapafu na ya utando wake.
* *Moshi wa sigara*. Sheria ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku inakataza kuvuta katika maeneo ya umma, shule zikiwemo.

## Mazingira ya Shelui

Shelui iko magharibi mwa Mkoa wa Singida, chini ya milima ya Sekenke, kando ya barabara kuu inayotoka Singida kwenda Igunga na Nzega. Upande wa magharibi nchi inashuka kuelekea mbuga ya Wembere. Wenyeji wengi ni Wanyiramba, pamoja na Wasukuma na makabila mengine. Shughuli kuu ni kilimo, ufugaji, biashara ya barabarani na uchimbaji mdogo wa dhahabu.

Mkoa wa Singida uko katika ukanda mkavu wa kati ya nchi. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Miezi inayobaki ni kiangazi. Katika kipindi hicho ardhi huachwa wazi baada ya mavuno, mifugo hupita ikitimua udongo, na pepo kali huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Upepo wa Singida ni mkali kiasi kwamba mkoa huo umechaguliwa kwa mipango ya kuzalisha umeme wa upepo. Kwa shule zenye uwanja usio na majani, huo ni msimu wa vumbi.

Dhahabu ya Sekenke ilianza kuchimbwa wakati wa utawala wa Kijerumani. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilitumiwa kutengeneza sarafu za dhahabu mjini Tabora. Leo wachimbaji wadogo wanafanya kazi katika eneo hilohilo, hasa Nkonkilangi. Dhahabu hukaa ndani ya mwamba wa kwatzi, ambao husagwa kwa makarasha. Kwatzi ni silika. Vumbi la silika likivutwa kwa miaka mingi huleta ugonjwa wa silikosisi, yaani mapafu kuwa na makovu yasiyopona, na huongeza sana uwezekano wa kupata kifua kikuu. Zebaki inayochomwa ili kutenganisha dhahabu hutoa mvuke wenye sumu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020.

Uhusiano wa machimbo na afya ya wanafunzi una njia tatu. Ya kwanza ni vumbi linalobebwa na upepo, iwapo karasha liko karibu na shule. Ya pili ni nguo za mzazi anayerudi nyumbani na vumbi la kazini. Ya tatu ni kifua kikuu: mzazi mchimbaji akiugua humwambukiza mtoto, na mtoto mkubwa anayekohoa anaweza kuwaambukiza wenzake katika chumba kilichofungwa.

## Magonjwa yanayohusika

*Maambukizi ya njia ya hewa*, kama mafua, kikohozi na nimonia, ndiyo yanayotokea zaidi. Nimonia iliua watoto wapatao 740,000 wenye umri chini ya miaka 5 duniani mwaka 2019. Jambo hili linahusu pia madarasa ya awali na wadogo wa wanafunzi, kwa kuwa mtoto wa shule hupeleka nyumbani vijidudu alivyovipata darasani.

*Pumu* ni ugonjwa wa njia za hewa kubana kwa vipindi. Husababishwa na mchanganyiko wa urithi na mazingira, na mashambulizi yake huamshwa na vumbi, moshi, baridi au mafua. Utafiti uliofanywa kwa vijana wa miji kadhaa ya Afrika, Kampala ukiwa mmojawapo, ulionyesha kwamba wengi wenye dalili za pumu hawakuwa wamewahi kuambiwa na mganga kwamba wana ugonjwa huo. Mwanafunzi wa namna hiyo huitwa mvivu wa michezo au mtoro, kumbe anakosa pumzi. Pumu haiambukizi, na mwenye pumu anayepata dawa ya kuvuta kwa mpangilio anaweza kusoma na kucheza kama wenzake.

*Kifua kikuu* huenea kwa hewa, si kwa kushikana mikono wala kula pamoja. Kwa watoto dalili zake ni kikohozi kisichokwisha kwa wiki mbili au zaidi, homa, kupungua uzito au kutoongezeka uzito, na uchovu. Nchini Tanzania uchunguzi na matibabu yake hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali.

## Suala la madirisha

Ugumu mkubwa katika mazingira kama ya Shelui ni kwamba dawa ya tatizo moja huzidisha jingine. Upepo wa kiangazi unapoingiza vumbi, walimu hufunga madirisha, na katika baadhi ya shule matundu huzibwa kwa matofali au maboksi. Vumbi hupungua, lakini hewa ya watoto 80 au 90 hubaki ndani. Yakifunguliwa, hewa hubadilika lakini vumbi na moshi wa jikoni huingia.

Mwaka 1858 Max von Pettenkofer, mwanasayansi wa München, Ujerumani, alipendekeza kabonidayoksaidi isizidi sehemu 1,000 katika milioni ndani ya vyumba vinavyokaliwa. Kipimo hicho kinatumika hadi leo. Wakati wa UVIKO-19 WHO ilipendekeza lita 10 za hewa safi kwa kila mtu kwa sekunde. Kwa chumba cha mita za ujazo 189 chenye wanafunzi 45, hiyo ni sawa na kubadilisha hewa yote mara 8 hadi 9 kwa saa. Kwa wanafunzi 90 ni mara 17.

Kiasi hicho kinaweza kufikiwa bila mtambo wowote. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007 ulipima vyumba ambavyo milango na madirisha yake yalikuwa wazi kabisa. Hewa ilibadilika mara 28 kwa saa, zaidi ya ilivyokuwa katika vyumba vyenye mitambo. Majengo ya zamani yenye dari za juu na madirisha makubwa yalifanya vizuri kuliko mapya. Baadhi ya miongozo ya kuzuia kifua kikuu hupendekeza matundu yanayofunguka yafikie 20% ya eneo la sakafu, yakiwa katika kuta mbili zinazotazamana ili upepo upite.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa afya hushauri kupambana na vumbi kule linakotoka, yaani uwanjani, barabarani na sakafuni, na kuacha madirisha wazi. Vumbi lina njia nyingi za kuzuiwa. Hewa iliyokwisha kupumuliwa ina njia moja tu, nayo ni kutolewa nje.

## Hatua za serikali

Tanzania ilifunga shule zote Machi 2020 kutokana na UVIKO-19. Kidato cha sita walirudi 1 Juni, na shule nyingine zilifunguliwa 29 Juni mwaka huo. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa takriban shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Sehemu ya fedha hizo ilijenga madarasa 15,000 nchini: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi vya shule za msingi. Lengo lilikuwa kupunguza msongamano, na kwa njia hiyo ulikuwa pia mradi mkubwa wa kuboresha hewa madarasani.

Kuhusu moshi, serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, shule zikiwemo, ziache kutumia kuni na mkaa. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034, unaolenga 80% ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa shule za vijijini kikwazo kikuu ni gharama. Kuni mara nyingi huletwa na wazazi au wanafunzi bila fedha taslimu, ilhali gesi ya mitungi hununuliwa na hujazwa mjini.

## Njia za kuboresha hewa shuleni

Njia zisizohitaji fedha, au zinazohitaji kidogo:

* Kufungua madirisha na mlango dakika chache kabla ya kipindi cha kwanza na wakati wote wa mapumziko, hata siku za upepo.
* Kunyunyiza maji kabla ya kufagia, na kufagia jioni wanafunzi wanapotoka badala ya asubuhi wanapoingia.
* Kufuta ubao kwa kitambaa chenye unyevu.
* Kuloweka maharage na mahindi usiku kucha ili yaive kwa kuni chache na kwa muda mfupi.
* Kukausha kuni kabla ya kuzitumia, kwa kuwa kuni mbichi hutoa moshi mwingi.
* Kufanya masomo ya kusoma kwa sauti na kuimba chini ya mti inapowezekana.

Njia zinazohitaji mipango na michango:

* Kupanda miti na majani upande wa mashariki na kusini-mashariki wa shule ili kukata upepo na kushika udongo. Mwarobaini hustahimili ukame wa Singida.
* Kujenga jiko upande wa magharibi au kaskazini-magharibi wa madarasa, mbali nayo, likiwa na jiko banifu lenye dohani inayopita juu ya paa.
* Kuziba nyufa za sakafu kwa saruji.
* Kuelekeza madirisha kaskazini na kusini katika majengo mapya, ili jua la asubuhi na jioni lisiingie moja kwa moja na upepo wa kusini-mashariki upite ndani.
* Kuziba mianya ya dari ili popo wasiingie, na kulowesha kinyesi chao kabla ya kukiondoa.
* Kutumia taa za umeme wa jua badala ya vibatari.

## Kupima hewa

Vifaa vidogo vya kupima PM2.5 na kabonidayoksaidi vimekuwa nafuu kuliko zamani. Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kina mradi wa AirQo, ulioanza mwaka 2015, unaotengeneza vipimo vinavyostahimili vumbi na joto la Afrika. Pasipo na kifaa, dalili za kawaida husaidia: mtu anayeingia kutoka nje akihisi joto na harufu nzito, hewa haibadiliki vya kutosha. Mwale wa jua ukionyesha vumbi jingi linaloelea, ufagiaji haufai. Masizi juu ya dari ya jiko yanaonyesha kwamba moshi hauna njia ya kutoka.

## Dalili za hatari kwa mwanafunzi

Mwanafunzi apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa akionyesha mojawapo ya haya: kupumua kwa haraka au kwa shida akiwa ameketi, mbavu kubonyea ndani anapovuta pumzi, kushindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo kuwa ya bluu, au kukohoa damu. Kikohozi cha wiki mbili kinahitaji uchunguzi wa kifua kikuu hata kama mtoto anaonekana mzima. Aliyezidiwa na moshi wa mkaa, akiwa na kichwa kizito, kichefuchefu au amezimia, atolewe kwanza nje penye hewa safi, kisha apelekwe kutibiwa.